Picha Zilizogandana

Masika ya mwaka huu yalipita penye msumari wa bati,
yakashuka taratibu nyuma ya kabati,
yakaingia albamu bila hodi.
Nilipoifungua, karatasi zilikuwa zimekumbatiana
kama ndugu waliopatanishwa msibani.

Nikaketi barazani, Barabara ya Kumi na Tano,
beseni la maji ya uvuguvugu miguuni,
nikaanza kuzibandua
kwa ncha ya ukucha, kwa bismillahi.

Hii ni ya studio ya Kihiyo.
Ndege ya kuchora ukutani, mlango wake kimo cha mbuzi,
mimi na Siwema tumesimama mbele yake
kama waendao Ulaya, nasi hata Pangani hatujafika.
"Msicheke," alisema Kihiyo, "kicheko kinaharibu filamu."
Tukabana midomo. Tazama mashavu:
yametuna kama ya mtu aliyeficha kashata.

Hii ni Shombo.
Yaani, ni mkia wa Shombo.
Filamu ya picha thelathini na sita
niliyoidunduliza kwa mshahara wa kiwanda cha kamba,
sita zilimwendea yeye:
mkia,
mkia tena,
sikio lenye pengo,
mguu mmoja ukiaga,
ukungu wa rangi ya chungwa juu ya jamvi,
na dirisha tupu, ambamo naapa
alikuwemo nilipobonyeza.

"Sita nzima!" Siwema akanicheka. "Kwa paka wa jalalani!"
Lakini ndiye aliyempa jina,
ndiye aliyemfichia vichwa vya vibua kwenye pindo la kanga,
na asubuhi ile asiporudi
ndiye aliyezunguka Ngamiani, toka barabara ya kwanza hadi ya ishirini,
akigonga sufuria kwa kijiko.
Watu walidhani anauza uji.

Kisha Lushoto, safari yetu ya pekee.
Treni hadi Mombo, halafu basi, kona juu ya kona,
Siwema kafumba macho, anahesabu kwa sauti
kona zilizobaki, hali hajui ni ngapi.
Sweta za kuazima. Mapeasi magumu kama mawe ya mizani.
Tukamsimamisha mpita njia mwenye tenga la kabichi:
tupige, tafadhali.
Akaishika kamera kama anayeshika yai,
akaikata miguu yetu, akatuachia mbingu tele.

Hiyo ndiyo iliyokataa kubanduka.
Niliivuta kidogo kidogo, ikaja
na ngozi ya picha jirani mgongoni mwa siku ile:
baina ya sweta yangu na ya Siwema,
palipokuwa na ukungu wa mlima,
ukungu wa rangi ya chungwa umejilaza.
Hana miguu. Nasi hatuna.
Paka asiyepata kupanda basi,
aliyekimbia kila jicho la kioo,
ametulia.

Siwema nilimzika Muheza, mwaka wa tisa huu.
Kicheko chake Kihiyo alikizuia,
hakimo katika picha hata moja.
Huwa nakitafuta kwenye mashavu.

Mpwa wangu Mndolwa akainama na simu yake.
"Shangazi, hii nakusafishia sasa hivi.
Hilo doa nalitoa, unabaki mlima."
"Si doa. Ni paka."
"Basi namtoa paka."
"Mwache."
"Lakini Lushoto hakuwepo!"
"Wewe ulikuwepo?"

Akanyamaza, akaipiga hivyo hivyo ilivyo.

Nikaigeuza. Nyuma, mwandiko wa Siwema,
wino umechujuka, herufi zinaelea kama chachu:
*Ukumbusho. Lushoto. Tulikuwa wawili, na baridi.*

Nikaazima kalamu,
nikakata neno moja.
Baridi nikaiacha.